Jumamosi Niliyoacha Kumtaja Mjomba

Sauti yangu ilitoka kwenye simu ya wakili, kortini, mbele ya hakimu, na watu wakacheka pale pale nilipotaka wacheke siku ile niliposema. Hata mimi midomo ilinicheza. Halafu nikakumbuka nimeletwa pale na nini, nikaifumba.

Naanza hapo, ingawa bintiyangu huniambia kila siku, "Baba, anza mwanzo." Mwanzo nitaufikia. Mimi nimesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na miaka miwili ya shule ya serikali, kisha nikapewa kamba na panga nikakwee minazi. Kalamu kwangu ni nzito kuliko gunia la mbata. Mtanivumilia.

Nyumba yangu iko Shika Adabu, huku Likoni. Vyumba vinne, mabati mbele, makuti nyuma, na uwanja wenye minazi kumi na mmoja. Ilikuwa kumi na miwili, mmoja ukaliwa na chonga, yule mdudu wa minazi, mpaka kichwa kikaanguka. Nyuma ya jiko amelala mke wangu. Kando yake amelala mama yangu, na mbele kidogo amelala mzee mmoja nitakayemtaja, maana yeye ndiye shina la haya yote. Makaburi yetu hayana majina. Ni mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni, na sisi wenyewe twajua nani ni nani.

Basi akatokea mtu na hati ya ardhi yenye muhuri. Akasema eneo lote lile ni lake, na mimi nimevamia. Mimi, niliyezaliwa kwenye chumba cha pili mkono wa kushoto! Hati ilikopitia sijui, na sitasingizia mtu. Tukaenda kortini. Yeye na wakili wake, mimi na kofia yangu.

Sasa nieleze jambo, kwa sababu msomaji wa Kisumu au wa Tabora hatalijua. Kwetu Wadigo, hapo zamani, mtu hakurithi kwa baba. Alirithi kwa mjomba, yaani ndugu ya mamake, tumbo moja. Baba yako atakupenda na kukulea, lakini shamba utapewa na mjomba. Siku hizi watu wamefuata sheria ya dini na ya serikali, lakini wakati wa baba yangu ilikuwa hivyo. Na ilikuwa hivi: baba yangu alikuwa kijana, mjomba wake hana mtoto wa dada mwingine, akamwita. "Njoo ukae, upande, ule." Akaja. Akapanda. Mjomba alipokufa, baba ndiye aliyemwosha na kumlaza pale nyuma ya jiko, na tangu siku ile hakuna aliyeuliza shamba ni la nani. Mtu akikwambia "fulani kaitwa na mjombake," umeshamaliza. Ni kama kukwambia kapewa.

Wote waliokuwako wamo ardhini. Mashahidi wangu nawafagilia kila asubuhi.

Sasa makumbusho. Huku kwetu Likoni kuna jumba dogo la makumbusho, la historia ya huku kwetu tu. Zamani lilikuwa ghala la mbata. Nimebeba magunia mle nikiwa na mgongo wa kubeba, na hata leo ukiingia, chini ya ile rangi mpya, pua yangu yaipata ile harufu ya nazi iliyokaushwa. Wameweka vitu vyetu. Kuna mbuzi ya kukunia, kinu, redio ya mbao, picha za watu wamekaza nyuso. Kuna kifuo, kile chuma cha kufulia nazi, kimewekwa ndani ya kioo na taa juu yake. Cha kwangu kiko mvuani. Nilipokiona mara ya kwanza nilicheka nikamuuliza mlinzi, "Huyu naye kafanya kosa gani?"

Jumamosi moja kila mwezi walikuwa na mazungumzo ya wazee. Wanamwita mzee mmoja, wanapanga viti vya plastiki, watoto wa shule wanakaa mbele, wakubwa nyuma, na mzee anasimulia anachojua. Walinijia mimi niseme habari za minazi. Haya, mtu akimwita mkwezi mzee aseme habari za minazi, na mke wake amekufa, na nyumbani mchana hana wa kumsikiliza ila kuku, mwadhani atakataa? Nilivaa kanzu. Nilisema tangu saa tatu mpaka adhuhuri, na wao wananasa sauti. Nikapewa soda na mahamri. Mambo ya kesi yalikuwa hayajazaliwa.

Wallahi ile ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote tangu nimzike mke wangu. Naliandika hili nalo, kwa sababu ni kweli.

Baadaye wakachukua kipande kidogo cha maneno yangu, wakakiweka kwenye kile chumba cha picha. Mtu anavaa vile vya masikioni, anabonyeza kidude, anasikia sauti ya mkwezi. Na kipande walichokichagua, kwa uzuri wake, ni hiki. Msichana wa makumbusho ananiuliza, "Mzee, na hilo shamba lenu lilikuwa la nani?" Nami najibu, "Ah, mwanangu, sisi tuna shamba gani? Ardhi ni ya Mwenyezi Mungu. Baba yangu alifika pale na kamba begani, akakaribishwa. Sisi wakaribishwa tu, hata leo." Watu wanacheka, wanapiga makofi.

Wenzangu wa pwani wanaosoma wameshanielewa. Mtu wa adabu akiulizwa habari ya alicho nacho, hajibu "changu." Ukimsifia nyumba atakwambia ni kibanda. Ukimsifia mwana atakwambia ni wa Mungu. Ukikuta ameketi mbele ya pilau la mbuzi mzima atakwambia karibu, ni kijio tu cha kubahatisha. Baba yangu angenisikia nikisema mbele ya watu "shamba langu," angeniona nimepungukiwa. Mimi nilisema adabu. Karani wa wakili akaenda akakaa na vile vya masikioni, akasikia ushahidi.

"Mzee," wakili akaniuliza kortini, "hii ni sauti ya nani?"

"Yangu."

"Ulilazimishwa kusema?"

"La. Nilipewa soda."

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikuwa nafanya mzaha, nilikuwa najibu.

Nikamweleza hakimu habari ya mjomba, kama nilivyowaeleza nyinyi, na pengine kwa urefu zaidi, maana alinikatiza mara mbili. Wakili akasimama. "Mheshimiwa, leo ndiyo anamkumbuka mjomba. Siku ile, bila kesi, bila hofu, alisema amekaribishwa. Huyu mjomba amezaliwa baada ya kesi."

Hakimu ni mama wa makamo, si mkali. Akasema, "Mzee, hiki ni kipande. Kama yako mazungumzo kamili, na humo ulimtaja huyo mjomba kabla ya kesi hii, yalete Jumatatu. Kama hayako, nitaamua kwa yaliyo mbele yangu."

Nikatoka pale nimepona. Maana nilikuwa na hakika nimemtaja. Mimi, nisimtaje? Nimesema nusu siku nzima!

Basi juzi, Alhamisi, nikaenda makumbusho. Bintiyangu alitaka twende pamoja, lakini ana kibanda cha mboga na siku hiyo lori lake la viazi lilikuwa linashusha Kongowea sokoni. Akaniwekea nauli mfukoni na akafunga kifungo cha mfuko kama wanavyofungwa watoto. "Baba," akasema, "ukishalisikia hilo neno, uniambie moja kwa moja. Usinipitishe kwengine kwanza." Huyu bintiyangu ni mjane, ana watoto watatu, wote wanalala ndani ya vyumba hivyo vinne. Na anajua kusema kwa kifupi. Hilo hakulipata kwangu.

Nikakuta siku ya shule. Watoto wamekaa sakafuni wanafundishwa kushona makuti, na mama mmoja wa mtaani anawaelekeza, na makuti yenyewe yamekauka mno, yanakatika. Nikataka kumwambia yalowekwe kwanza. Nikajizuia. Ni mara yangu ya kwanza.

Msichana mmoja wa sare ya samawati alikuwa amevaa vile vya masikioni kwenye picha yangu. Ndiyo, wameweka na picha yangu. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akavua.

"Shikamoo babu. Ni wewe?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Babu, kwa nini hamkuwa na shamba?"

Fikirieni, mtoto wa miaka tisa ananiuliza hilo. Nikamwambia tu, "Sikiliza tena, mjukuu wangu," kisha nikajuta, kwa sababu akisikiliza tena atasikia yale yale.

Mkuu wa pale sasa ni mama wa bara, wa kutoka huko juu. Yule msichana aliyenihoji alishahama. Huyu mama ana Kiswahili cha kwao lakini adabu zake ni za kwetu. Alinikalisha ofisini, akanipa chai, akasikiliza kesi yangu mpaka mwisho. Halafu akafungua kompyuta.

"Yako yote hapa, mzee. Saa tatu na kidogo."

"Alhamdulillahi."

"Tusikilize yote?"

"Yote. Sijui nililisema wapi, lakini limo."

Tukaanza. Mwanzoni nilifurahi, sitaficha. Nikajisikia nikieleza vile nazi inavyokua: kidaka, kitale, dafu, koroma, mpaka nazi yenyewe. Nikajisikia nikieleza mnazi wa kukwewa na mnazi wa kuachwa. Mama akatabasamu. Kisha nikasikia, "Baba yangu alikuja pale akiwa kijana, aliitwa na..." Nikaushika mkono wa kiti cha mama. Na sauti yangu ikaendelea, "...aliitwa na mtu mmoja mfupi hivi, ana mwanya, akicheka nyumba ya tatu wanajua yuko." Kisha nikaeleza kicheko chake. Kisha nikaeleza mtu mwingine aliyekuwa na kicheko kama hicho, mpiga ngoma. Kisha nikaeleza ngoma.

"Huyo mfupi ndiye mjomba?" mama akauliza.

"Ndiye!"

"Mbona hukusema ni mjomba?"

"Wazee wote pale walimjua, mama, Mungu awarehemu. Nimwambie nani?"

Tukaendelea. Nikasema habari ya siku niliyoanguka, mkono ukavunjika mara mbili, na mke wangu alivyokuwa amesimama chini ametandaza leso kama atanidaka. Watu kwenye sauti wanacheka. Na yeye mke wangu, nilikuwa nimesahau, siku ile nilimwiga sauti yake: "Shuka wewe, mnazi si mamako!" Nilijisikia nikimwiga, na pale ofisini nikaona aibu kwa machozi, nikajifanya ni moshi wa chai. Chai haina moshi. Mama akazima kidogo mpaka nikawa sawa.

Saa ya pili. Bei ya madafu. Pepo wa mnazi wa msikitini. Mtu aliyeuza mbata zenye mchanga. Mara nne nilisogea karibu na shamba, na mara nne nikapinda njia. Nilianza kujichukia. Nilikaa pale nikiiambia ile kompyuta, kwa sauti, kama mwendawazimu, "Sema. Sema, mzee mjinga, sema." Mama hakucheka.

Halafu ikaja. Saa ya tatu imeanza. Sauti yangu imeshuka, imechoka, imekuwa ya kweli. "Na yule bwana mfupi," nasema, "msimdhanie ni mtu baki. Yule kwa baba yangu alikuwa ni..."

"Asalaam alaikum!"

Mtu ameingia. Nikamjua kwa sauti. Jirani yangu wa miaka mingi, alichelewa, mguu ulikuwa unamsumbua.

Na mimi nifanyeje? Mzee ameingia, ametoa salamu, nimalize kwanza habari zangu? Nikasikia nikiitikia. Waalaikum salaam warahmatullahi. Karibu. Habari za nyumbani? Njema. Za watoto? Njema. Mguu? Wajikokota. Mpeni kiti, jamani, mpeni na hamri. Hapana, hilo kubwa. Za huko kwa mkweo? Njema. Mvua kule imenyesha? Kidogo. Na lile paa? Basi tukamaliza salamu, kwa utaratibu wake, kama inavyotakiwa. Na sauti yangu ikakohoa, ikasema, "Eeh. Tulikuwa wapi? Kwenye kamba. Kamba ya kukwelea hutengenezwa hivi..."

Mama akarudisha nyuma bila kuambiwa. Tukasikiliza mara ya pili. Mara ya tatu niliinua kiganja, kama kumzuia yule jirani mlangoni asiingie. Akaingia. Alikufa mwaka jana, Mungu amrehemu, naye aliujua ukweli wote, na alikuja Jumamosi ile kwa mapenzi tu, kunisikiliza mimi.

Tukasikiliza mpaka mwisho. Neno halimo.

Sasa nitaandika nililofanya, kwa kuwa nimekusudia kusema kila kitu. Nilimwambia mama, "Nitalisema sasa hivi. Neno moja tu. Wewe lichukue ulibandike pale kabla ya salamu."

"Mzee, hapana."

"Neno moja! Na ni kweli! Si uongo, mama, naapa kwa Mwenyezi Mungu, ni kweli tupu."

"Najua ni kweli. Nakuamini."

"Basi kama waniamini?"

"Wakijua, tutafungwa wewe na mimi, na nyumba itakwenda vile vile."

Nikapiga magoti. Mkwezi mzima, mwenye mvi mpaka kifuani, nikapiga magoti kwenye sakafu ya ghala nililolibebea magunia, nikamshika mwanamke makamo ya bintiyangu miguu. Nje watoto walikuwa wanaimba kumshukuru yule mama wa makuti. Alininyanyua kwa makwapa. Alikuwa analia kuliko mimi. Akasema atatoa nakala yote, na barua kueleza kwamba kile kipande kimekatwa kutoka katika mazungumzo marefu, na atakuja Jumatatu mwenyewe kuikabidhi. Akasema tena kwamba kile kipande atakitoa chumba cha picha leo hii. Nikamwambia kwa sasa ni mamoja, kimeshafika kilikotumwa. Lakini alikitoa. Nilimwona akizichomoa zile nyaya, na yule msichana wa samawati amesimama kando anatazama.

Nikarudi nyumbani na kidude kidogo alichonitilia nakala mfukoni, kifungo kimefungwa. Bintiyangu alikuwa ameshatoka sokoni, ameketi kwenye kizingiti cha jiko anachambua mchicha. Hakuinuka.

"Shikamoo baba. Limo?"

Nilikuwa na mambo mengi ya kusema. Nilitaka kumweleza jirani, na salamu, na mamake nilivyomwiga.

"Halimo," nikasema.

Akaendelea na mchicha. Alichambua fungu lote mpaka likaisha. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nimepata chumba Kongowea. Nimekipata tangu wiki iliyopita. Sikukwambia."

"Wiki iliyopita? Kabla sijaenda?"

"Nilikuwako Jumamosi ile, baba. Nilikaa nyuma na mtoto mdogo. Nilisikiliza mwanzo mpaka mwisho." Akafuta mikono kwenye leso. "Sikukumbuka kukusikia ukimtaja."

"Na ukaniacha niende?"

"Ningekwambiaje usiende? Huenda mimi ndiye niliyesahau."

Nikaketi chini pale pale, kwenye mchanga. Alikuwa amenifungia kifungo cha mfuko na anajua, au karibu anajua. Siwezi kumlaumu. Wiki nzima amelibeba peke yake, na usiku ananiuliza nimekula.

"Chumba kina nafasi?" nikamuuliza.

"Tutaenea. Wewe na watoto kitandani, mimi chini. Mlango ni mzuri, wa chuma."

"Na uwanja?"

"Hakina uwanja, baba. Ni ghorofa ya pili."

Tukatazama nyuma ya jiko, sote wawili. Yale mawe mawili ya mke wangu yameanza kuzama. Nilikuwa nimekusudia kuyainua kabla ya mvua.

"Shekhe anasema kaburi halifukuliwi ila kwa dharura," akasema.

"Umeshamuuliza?"

"Nimemuuliza."

Nikamwambia Jumatatu nitakwenda kortini kama nilivyoambiwa, na nakala, na huyo mama, na barua yake. Hakimu akiamua kwa yaliyo mbele yake, basi achukue watoto na vyombo ahamie Kongowea siku hiyo hiyo, asingoje kuvunjiwa mlango watoto wakitazama. Mimi sitakwenda ghorofani. Nitabaki huku nyuma ya jiko mpaka waje, na wakija watanikuta nimeketi.

"Na wakikubeba?"

"Wanibebe."

"Utaketi juu ya nini, baba? Hata kiti nitakuwa nimechukua."

"Mkeka niachie," nikamwambia.

Akaingia ndani akautafuta ule usiotoboka.